Nikeli au kobalti? Shajara ya majaribio ya karakana, Mbeya

Karakana yetu iko Iyunga, jirani na barabara kuu iendayo Tunduma. Tunachomelea vipuri vya malori, mashine za kukoboa mpunga na mitambo ya kumenyea kahawa. Kila mara linarudi swali lile lile: mteja anataka sehemu iliyolika irudishiwe uso mgumu, dukani kuna rodi ya nikeli na rodi ya kobalti, na ya kobalti bei yake inazidi mara tatu. Muuzaji atakwambia ya kobalti ndiyo kali zaidi. Kali zaidi kwa kazi gani, hasemi. Tumeamua kuzipima wenyewe kwa vifaa ambavyo karakana ya kawaida inavyo, na kuandika kila hatua ili fundi wa Makambako au Songea aweze kurudia kazi hii bila kuanzia sifuri.

7 Juni 2025. Sampuli

Nikeli na kobalti ni majirani kwenye jedwali la elementi, namba 28 na 27. Densiti zake zote mbili ni kama gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za Selsiasi, kobalti 1,495. Kwa hiyo kuzipima kwa mizani na ndoo ya maji hakukuambii chochote. Tofauti iko kwingine.

Tulivyokusanya ni hivi. Nikeli laini: rodi za umeme za kuchomelea chuma cha kalibu, kile tunachokiita kastaini, ambazo waya wake wa ndani ni nikeli karibu tupu, sh 9,500 moja. Nikeli ngumu: rodi ya gesi yenye kromi, boroni na silikoni, sh 21,000. Kobalti: Stellite 6, ya umeme na ya gesi, sh 32,000 kila moja. Hii ina kromi kama asilimia 28, tungsteni asilimia 4 hadi 5, kaboni zaidi kidogo ya asilimia 1, na sehemu kubwa iliyobaki ni kobalti. Ukoo wa Stellite ulianzishwa na Elwood Haynes wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1907, kwa hiyo si kitu kipya.

Kwa wauza chuma chakavu tulipata vitu viwili vya thamani kuliko bei yake. Cha kwanza ni kipande cha shafti ya pampu chenye muhuri wa Monel 400, yaani nikeli theluthi mbili na shaba theluthi moja, sh 8,000. Cha pili ni tabo la lori lililokufa, yaani turbo inayosukuma hewa kwenye injini, sh 15,000. Usipite tabo bovu ukaliacha. Gurudumu la upande wa ekzosti kwa kawaida humiminwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli ya familia ya Inconel 713, yenye kromi, molibdenamu na alumini kama asilimia 6. Hiyo ni aloi ya daraja la injini za ndege, na inalala kwenye lundo la chuma chakavu Mwanjelwa.

14 Juni. Sumaku

Hatua hii ni ya haraka na inasaidia kutenganisha vipande vilivyochanganyika. Waya wa nikeli laini unavutwa na sumaku. Nikeli ngumu inavutwa kidogo sana au haivutwi. Stellite haivutwi kabisa, ingawa kobalti tupu ni metali ya sumaku kuliko nikeli. Kromi iliyomo ndiyo inayoizima. Gurudumu la tabo nalo haliguswi. Telezesha sumaku kwenye shafti ya tabo kutoka mwisho wa chuma: inang'ang'ania, inang'ang'ania, halafu ikifika kwenye mstari mwembamba wa kiungo inaachia ghafla. Hapo ndipo chuma kinaishia na nikeli inaanza.

Monel ndiyo iliyotusumbua. Kijana wetu alisema asubuhi kwamba inavutwa. Mkerezaji aliipima mchana akasema haivutwi, na kila mmoja alikuwa na uhakika. Wote walikuwa sahihi. Kila metali ya sumaku ina joto lake ambalo ikilipita inapoteza uwezo huo. Kwa nikeli tupu ni kama nyuzi 358, kwa kobalti tupu ni zaidi ya 1,100. Shaba iliyomo kwenye Monel 400 inashusha kiwango hicho hadi kati ya nyuzi 20 na 50 hivi, kutegemea mchanganyiko. Asubuhi ya Juni hapa Mbeya chuma kilicholala nje ni cha baridi hasa, kwa hiyo kipande kinashika sumaku. Kikipigwa jua mezani kinaachia. Tulikitia kwenye maji ya chai kikaachia mbele ya macho yetu, tukakirudisha kwenye maji ya bomba kikashika tena.

Hilo limetupa wazo la kipimajoto, soma hapa chini.

28 Juni. Nyufa

Hatua hii imekula muda na rodi kuliko zote. Tulitaka vipande vya chuma cha kawaida vyenye uso wa kila aloi, ili tupime ugumu.

Nikeli laini ililala vizuri bila shida. Nikeli ngumu kwa gesi nayo ni rahisi, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi elfu moja na kidogo tu na inatiririka yenyewe. Kobalti ya umeme ilipasuka. Mstari ulikuwa mzuri ukiwa mwekundu, kisha wakati wa kupoa ikasikika milio midogo, na nyufa zikaonekana zimekatiza mstari kwa upana. Sababu ni kwamba uso huo umejaa kabaidi, yaani punje za metali iliyoungana na kaboni, ngumu na zisizonyooka. Ukipoa unajikunja, chuma cha chini kinaukatalia, na kitu pekee kinachoweza kuachia ni ufa. Upepo wa Juni unaopita mlangoni uliongeza kasi ya kupoa.

Dawa yake ni kupasha kipande moto kabla, kama nyuzi 300 au zaidi kidogo, na kukipoza polepole sana baadaye. Hatuna kalamu za kupimia joto, kwa hiyo tulitumia waya wa nikeli. Kwangua dawa ya nje ya rodi ya kastaini ubaki na waya mtupu, kata kipande kifupi, kiweke jikoni juu ya tofali kando ya kazi yako. Kila baada ya muda kichukue kwa koleo na kukisogeza haraka kwenye sumaku. Siku kinapokataa kuvutwa, jiko limepita nyuzi 350 na kazi iko tayari. Usitumie sumaku ndogo kali za kompyuta, ya kwetu ilipata joto ikalegea moja kwa moja. Sumaku nyeusi ya spika ya zamani inavumilia.

Kwa kupoza tulijaribu mchanga, na bado ufa mmoja ukatokea. Tukahamia majivu makavu ya pumba za mpunga, ambayo kwa wachoma tofali wa Usangu ni takataka ya bure. Tulijaza pipa nusu, tukazika kipande kikiwa bado cha moto, tukakifukua kesho yake asubuhi kikiwa vuguvugu. Hakuna ufa. Hakikisha kwa mafuta ya taa: paka, subiri, futa kabisa, kisha paka vumbi la chaki, ufa uliojificha utachora mstari wa unyevu kwenye chaki.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Kobalti ya umeme, hata bila ufa, ilitoka laini kuliko tulivyotarajia. Tupa ilikuwa inaikwaruza. Moto wa umeme unachimba chuma cha chini na kukichanganya na rodi, kwa hiyo tabaka la kwanza si Stellite tena bali Stellite iliyotiwa chuma. Ukiongeza tabaka la pili hali inarekebika, lakini umeshalipa rodi mbili. Kwa gesi mambo ni tofauti. Fungua asetilini iwe nyingi kuliko oksijeni, mpaka ule mwali mweupe wa pili uwe na urefu mara tatu ya koni ya ndani. Sogeza moto mpaka uso wa chuma ung'ae kama umetoka jasho, bila kuyeyuka na kutengeneza dimbwi. Hapo ndipo unadondosha rodi, nayo inasambaa juu ya jasho lile. Mchanganyiko na chuma cha chini ni mdogo sana na tabaka moja linatosha. Sampuli zote za kobalti zinazofuata zimetengenezwa hivyo.

Vaa barakoa ya kichujio unaposaga na unapochomelea, na funga feni ya kutoa moshi nje. Vumbi la kobalti huharibu mapafu, nikeli husababisha mzio wa ngozi na misombo yake inahusishwa na saratani, na moshi wa kromi ni mbaya vilevile. Kitambaa cha pamba puani si kinga.

19 Julai. Kifaa cha kupima ugumu, na joto

Maabara ina mashine ya kupima ugumu; sisi tuna bomba. Bomba la sentimita 80 limesimamishwa wima, ndani yake inadondoka nondo ya nusu kilo yenye ncha, nayo inaacha shimo dogo kwenye sampuli. Shimo likiwa pana, metali ni laini. Tunapima upana kwa vernia chini ya kioo cha kukuza, na tunachukua wastani wa mashimo kadhaa.

Mwanzo ncha ilikuwa gololi ya beringi. Kwenye nikeli ngumu gololi yenyewe ilibonyea, na kwenye sampuli za moto ikageuka rangi ya bluu na kulainika baada ya mapigo machache. Chuma cha beringi hakivumilii zaidi ya nyuzi mia mbili hivi. Tukaweka ncha ya kabaidi kutoka kwenye kisu cha mashine ya kukerezea, tukaichonga koni kwa jiwe la kijani. Haijaharibika tangu hapo. Na ni vizuri fundi ajue kwamba kisu hicho nacho ni punje za kabaidi ya tungsteni zilizogandishwa pamoja kwa kobalti.

Joto la kupimia tulilitaka karibu na lile la valvu ya ekzosti inayofanya kazi nzito. Macho hayaaminiki, wekundu unaouona kibandani mchana si ule unaouona jioni. Kwa hiyo jikoni tunaweka vitu viwili pamoja na sampuli. Kipande cha waya wa alumini wa umeme, ambao huyeyuka nyuzi 660, na boliti ya chuma cha kawaida, ambayo huacha kuvutwa na sumaku karibu nyuzi 770. Waya ukishayeyuka na boliti bado inavutwa, uko katikati. Gharama yake ni kama bure, na matokeo yanarudiwa siku hadi siku.

2 Agosti. Matokeo ya ugumu

Baridi, upana wa shimo ulikuwa hivi: nikeli ngumu milimita 2.0, Stellite 2.2, gurudumu la tabo 2.2, nikeli laini 2.9. Kumbuka dogo ndilo gumu. Kwa hiyo kwenye baridi nikeli ngumu inaishinda kobalti, na bei yake ni theluthi mbili. Mambo yangeishia hapo kwa kazi nyingi za shambani.

Moto wa kati ya 660 na 770 ukapindua kila kitu. Nikeli laini ilifika 4.1, kama udongo. Nikeli ngumu ikaenda 3.2. Stellite ikasimama 2.6. Gurudumu la tabo likatoa 2.3, karibu sawa na lilivyokuwa baridi.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo ninayotaka msomaji ayashike, kwa sababu yanavunja ile kauli ya dukani kwamba kobalti ni ya moto na nikeli ni ya baridi. Aloi mbili zenye nikeli nyingi, moja imelegea, nyingine haikutikisika. Nikeli ngumu ya rodi inapata ugumu wake kwa boroni, iliyowekwa pia ili iyeyuke upesi. Kinachoifanya irahisike kuchomelea ndicho kinachoilegeza motoni. Aloi ya tabo ina chembe ndogo mno za nikeli na alumini zilizojipanga kila mahali ndani yake, na chembe hizo hazipotezi nguvu mpaka moto uwe mkali sana. Stellite inasimama kwa njia yake, kabaidi za kromi na tungsteni ndani ya kobalti.

Basi kwa nini tusichomelee aloi ya tabo kwenye valvu? Tulijaribu, tukakata bawa moja la gurudumu na kulitumia kama rodi. Lilipasuka kwenye mstari na pembeni ya mstari, pamoja na kupashwa moto na kuzikwa kwenye majivu. Alumini nyingi kiasi hicho inaifanya aloi ikakamae wakati bado inajikunja. Ndiyo maana viwandani humiminwa kwenye kalibu. Kwa fundi wa karakana, aloi ya moto inayokubali kulazwa kwa rodi ni kobalti, na hapo ndipo bei yake inaanza kueleweka.

23 Agosti. Kusuguana

Hapa kobalti ilituonyesha jambo ambalo ugumu peke yake hauelezi. Tulikereza vifungo vidogo na vibao vya kila aloi, tukakandamiza kifungo juu ya kibao cha aloi hiyo hiyo kwa jeki ya tani 20, bila grisi, kisha tukakizungusha duara moja kwa spana ndefu.

Nikeli laini haikumaliza duara. Ilishikana, spana ikakwama, na tulipotenganisha vipande kulikuwa na donge lililong'olewa upande mmoja likabandikwa upande wa pili. Monel ilifanya vivyo hivyo. Nikeli ngumu ilizunguka lakini ikaacha michirizi inayokamata ukucha. Stellite ilizunguka kwa ulaini wa kushangaza, na kilichobaki ni duara linalong'aa. Tulirudia kwa kukandamiza zaidi na bado.

Kobalti tupu hupanga atomi zake kwa namna moja ikiwa baridi, na kwa namna nyingine ikipita kama nyuzi 420. Nikeli ina mpango mmoja tu mpaka inayeyuka. Ndani ya Stellite kobalti inakuwa kwenye mpango wa moto hata ikiwa baridi, ila imekaa ukingoni: ukiisugua, ngozi yake ya juu inahamia mpango ule mwingine, inakakamaa zaidi na kuteleza kwa matabaka badala ya kushikana. Kadiri unavyoisugua ndivyo uso unavyojiimarisha. Siti ya valvu, bushi ya pampu ya maji moto, mahali popote chuma kinapogonga na kuteleza juu ya chuma bila mafuta, nikeli ya rodi haiwezi kuiga hilo.

Nyundo za mashine ya kusaga mahindi tumeziacha nje. Ni kazi ya baridi na ya mchanga, rodi za kawaida za kabaidi ya kromi zinaiweza kwa bei ndogo, na vumbi la kobalti sitaki liingie kwenye unga wa mtu.

6 Septemba. Kutu, na Mbozi

Sampuli zilikaa wiki kadhaa kwenye chupa za maji ya chumvi na maji ya kuchachushia kahawa. Chuma cha kawaida kilioza, aloi zote za nikeli na kobalti zikabaki safi. Kwa kazi za kahawa, basi, kutu si sababu ya kulipia kobalti.

Tulikuwa Mbozi kurekebisha kasha la mtambo wa kumenyea kahawa lililopasuka, kastaini ya zamani. Hiyo ni kazi ya nikeli laini na hakuna mjadala: nikeli haishikani na kaboni kutengeneza kabaidi ngumu, kaboni inajitenga kama grafaiti, na mshono unabaki laini unaochimbika kwa drili. Kobalti pale ingepasua kasha mara ya pili. Tukapita kwenye Kimondo, kilichotoka angani na nikeli yake zaidi kidogo ya asilimia 8, sehemu kubwa iliyobaki ikiwa chuma. Kijana alitoa sumaku ya spika mfukoni, ikanata.

18 Oktoba. Valvu za Igurusi

Mzee mmoja mwenye mashine za kukoboa mpunga Igurusi alitukubalia injini zake mbili za dizeli za silinda moja. Valvu ya ekzosti ya moja tuliipa uso wa kobalti, ya nyingine uso wa nikeli ngumu, tukazisaga na kuzilainishia kwenye siti. Kwa anayetaka kuiga: chimba mfereji mwembamba kwenye uso wa valvu ujaze huo tu, usiguse shingo, na usifunge valvu isiyopita kipimo cha chaki. Kichwa cha valvu kikikatika kinaangukia pistoni.

Wiki hii tulifungua zote mbili. Ya kobalti ina pete nyembamba ya kijivu, upana sawa kuzunguka kote, kliaransi yake (nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu) haijabadilika. Ya nikeli pete imetanuka karibu mara mbili, ina vishimo vidogo vilivyogongwa na masizi magumu, na kliaransi imepungua kwa sababu valvu imezama. Bado inaziba, lakini haitafika msimu ujao. Mzigo wa injini hizo mbili haulingani kabisa, ya kobalti ndiyo inayovuta kinu kikubwa, jambo ambalo linaipa kobalti alama zaidi.

"Sasa mwanangu, hii nyingine mnaiacha hivi hivi?" mzee akauliza. Hatukuiacha. Tumeisaga na kuipa kobalti.

Valvu moja inakula chini ya nusu rodi, kwa hiyo kobalti yenyewe ni kama sh 15,000. Gesi, mkaa na kusaga vilifika sh 12,000. Ukiwa na rodi, usichelewe kuitunza. Kongo, inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ilisimamisha kuiuza nje Februari mwaka huu, na tangu juzi tarehe 16 imeanza kuiruhusu kwa mgao. Malori yanayoibeba yanapita mbele ya karakana yetu kwenda bandarini, na rodi inarudi kwetu kwa meli. Ile ya sh 32,000 sasa dukani wanataja 38,000. Tumebakiwa na mbili za gesi. Moja ni ya siti za silinda hedi ya injini ile ile ya Igurusi, ambazo tutazifungua kinu kikisimama. Nyingine tunaitunza kwa bushi ya pampu ya maji moto, na vipimo vyake vitaandikwa hapa ikishafungwa.